Je, niue bakteria wa tumboni ili nisipate saratani ya utumbo mpana?

SWALI: Nina umri wa miaka 41. Huu ni mwaka wa tisa tangu nianze kuugua kolaitisi ya vidonda, ugonjwa wa utumbo mpana kuchubuka na kutoka damu, na kamera ilionyesha kwamba imeshika utumbo mpana wote. Nimekaa miezi saba bila dalili yoyote, nikaacha dawa yangu ya mesalazini. Mwaka jana kaka yangu, tuliyezaliwa baba mmoja mama mmoja, aligunduliwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 48. Nimesoma kwamba bakteria wa tumboni ndio wanaoleta mchochota na baadaye saratani. Je, nitumie antibiotiki kuwaua? Ninunue vidonge vya probiotiki, yaani bakteria hai wa kumeza, pamoja na kile kipimo cha kinyesi kinachotaja bakteria nilionao? Na vyakula vyenye nyuzinyuzi vitanisaidia au vitanichubua?

JIBU: Pole kwa habari za kaka yako, dada, na pole kwa miaka yote ya ugonjwa wenyewe. Nitajibu kwa kifupi kwanza, kisha nieleze sababu, maana bila sababu ushauri huu utaonekana kinyume na ulichosoma. Antibiotiki usitumie kwa lengo hilo. Vidonge vya probiotiki havijathibitika kumkinga mtu na saratani, na aina moja kati yake ina dosari nitakayoitaja. Kipimo cha kutaja majina ya bakteria usikinunue. Kipo kipimo kingine cha kinyesi kitakachokufaa zaidi. Mesalazini uliyoiacha ilikuwa sehemu ya kinga yako, kwa hiyo wasiliana na daktari wako wiki hii mzungumzie kuirudia. Nyuzinyuzi ni rafiki yako wakati ugonjwa umelala. Na kama hujafanyiwa kolonoskopi (ile kamera ya utumbo mpana) ndani ya miezi kumi na miwili iliyopita, umechelewa.

Ulichosoma si uongo. Bila bakteria, mchochota wa aina yako pengine usingekuwepo. (Kwa mchochota nina maana ya ngozi ya ndani ya utumbo kuwa nyekundu, kuvimba, kuchubuka na kutoka damu kwa sababu kinga ya mwili imeamka. Nalikwepa neno uvimbe kwa kuwa wengi wetu hulitumia pia kwa saratani yenyewe.) Panya wa maabara walioondolewa jeni ya interlukini-10, kemikali ambayo kinga ya mwili huitumia kujituliza, huugua kolaitisi. Wakilelewa tangu kuzaliwa mahali pasipo na kijidudu hata kimoja, utumbo wao hubaki mzima. Kosa liko kwenye hitimisho kwamba, kwa kuwa bakteria wanahusika, basi dawa ni kuwaua. Kinachotakiwa kulindwa ni umbali kati yao na nyama ya utumbo wako.

Mtu mzima hubeba bakteria wapatao trilioni 38, wanaokaribiana kwa idadi na seli zake mwenyewe, na karibu wote wanaishi kwenye utumbo mpana. Ukiwapima kwa mizani ni kama gramu 200 tu. Gramu moja ya kinyesi ina bakteria karibu bilioni 100. Kati yao na damu yako kuna safu moja tu ya seli, na juu ya safu hiyo kuna ute. Ute wa utumbo mpana una matabaka mawili. La nje ni legelege, na bakteria huishi humo na kujilisha. La ndani limeshikamana na seli, na nyuzi zake zimebana kiasi kwamba bakteria hawapenyi. Halifiki unene wa milimita moja, lakini ndilo linalokuwezesha kubeba mzigo huo wote bila kuugua. Panya walioondolewa jeni ya MUC2, inayotengeneza protini kuu ya ute huo, hupata mchochota na hatimaye saratani ya utumbo bila kupewa sumu yoyote.

Kwa mgonjwa wa kolaitisi ya vidonda, hasa ugonjwa unapoamka, tabaka hilo la ndani hupenyeka. Bakteria hugusa seli, na kinga ya mwili hujibu kama inavyojibu uvamizi wowote: seli nyeupe hufurika na kumwaga kemikali kali za oksijeni na nitrojeni ili kuua wavamizi. Kemikali hizo hazichagui. Zinachoma bakteria, na zinachoma pia DNA ya seli zako. Wakati huohuo ishara za kinga kama vile interlukini-6 na TNF huziamuru seli za utumbo zigawanyike haraka ili kuziba vidonda, nazo ni seli ambazo hata katika hali ya kawaida hujibadilisha zote kila baada ya siku tatu hadi tano. Seli yenye DNA iliyochomwa ikilazimishwa kugawanyika kabla haijajirekebisha, kosa huandikwa moja kwa moja na kurithishwa kwa seli zinazofuata.

Ndiyo maana saratani inayotokana na kolaitisi huchukua njia tofauti na ile ya kawaida. Saratani ya kawaida ya utumbo mpana huanza na hitilafu kwenye jeni ya APC, ikaota polipu, yaani kinyama kidogo kwenye ngozi ya utumbo, na polipu hiyo huchukua mara nyingi miaka kumi hivi kugeuka. Kwenye kolaitisi, jeni inayoharibika mapema ni TP53, ambayo kazi yake ni kusimamisha seli zenye DNA mbovu, na mabadiliko hatari yanaweza kuwa bapa, bila kinundu cha kuonekana kirahisi. Kumbuka hilo tutakapofika kwenye kolonoskopi.

Sasa kwa nini usiwaue? Kwa sababu wengi wao wanalinda huo umbali. Kuna kundi la bakteria, wakiwemo Faecalibacterium prausnitzii, Roseburia na Eubacterium rectale, ambao huchachusha nyuzinyuzi ambazo wewe mwenyewe huwezi kuzimeng'enya, wakatoa asidi fupi ya mafuta iitwayo butireti. Seli za utumbo mpana hupata karibu asilimia 70 ya nishati yao kutoka kwenye butireti, tofauti na seli nyingi za mwili zinazotegemea sukari ya damu. Butireti huchochea utengenezaji wa ute na huzalisha seli za kinga zenye kazi ya kutuliza. Seli ya saratani hupenda kuchoma sukari na haiitumii butireti vizuri, hivyo asidi hiyo hujikusanya ndani ya kiini chake na kubadilisha namna jeni zinavyosomwa, mpaka seli ipunguze kugawanyika au ijiue. Yaani kitu kilekile kinailisha seli nzima na kuizuia iliyoharibika.

Kuna kazi nyingine ya butireti ambayo haisemwi sana, nami naiona ndiyo kiini cha jambo lote. Seli zinapochoma butireti hutumia oksijeni, na kwa kuitumia zinaufanya utumbo mpana uwe mahali pasipo oksijeni kabisa. Bakteria wema hawaivumilii oksijeni. Butireti ikipungua, seli huhamia kwenye sukari, oksijeni inabaki na kuvujia ndani ya utumbo. Mchochota nao huongeza nitreti, inayotokana na zile kemikali kali za seli nyeupe. Bakteria wa jamii ya Escherichia coli wanaweza kutumia oksijeni na hata nitreti kwa kupumua, wakati wale wa butireti hawawezi. Basi E. coli huongezeka, watengeneza butireti hupungua, ute unazidi kuwa mwembamba, mchochota unapanda, nitreti inaongezeka tena. Mduara huo ukishaanza hujiendesha wenyewe. Unaukata kwa kuuzima mchochota na kuwalisha wanaotengeneza butireti. Antibiotiki huwapiga hata hao watengeneza butireti, hivyo inaweza kuukaza mduara uleule unaotaka kuukata.

Umesoma pia majina ya bakteria wanaotajwa kwenye saratani, na ni haki ujue kila mmoja anafanya nini, kwa sababu hawafanani. Anayeeleweka zaidi ni E. coli wa aina maalumu, mwenye kipande cha jeni kiitwacho pks. Kipande hicho humwezesha kutengeneza sumu ya kolibaktini, inayozifunga pamoja nyuzi mbili za DNA. Jaribio lililochapishwa mwaka 2012 liliwapa panya wenye mchochota ama E. coli mwenye pks ama huyohuyo aliyenyofolewa pks. Mchochota ulikuwa sawa kwa makundi yote mawili, lakini uvimbe wa saratani ulipungua sana pale pks ilipokosekana. Maana yake mchochota ulimfungulia bakteria mlango akasogea karibu na seli, na sumu ndiyo iliyoharibu DNA. Mwaka 2020 watafiti wa Uholanzi waliziweka seli za utumbo wa binadamu pamoja na bakteria huyo kwa miezi mitano na kukuta alama ya pekee ya makosa ya DNA, alama ambayo ikaonekana pia kwenye saratani za wagonjwa halisi. Mwaka 2025 uchambuzi wa saratani 981 kutoka nchi 11 ulionyesha kwamba alama hizo ni za kawaida mara 3.3 zaidi kwa waliougua kabla ya miaka 40 kuliko waliougua baada ya 70, na dalili zilielekeza kwamba uharibifu hutokea mapema mno, pengine utotoni.

Usiogope ukisikia hayo. Karibu mtu mmoja kati ya watano wenye afya njema hubeba E. coli mwenye pks, na wengi wao hawatapata saratani. Kolibaktini ni sumu isiyodumu; hudhuru seli iliyo jirani kabisa. Ute ukiwa mzima, jirani hayupo.

Fusobacterium nucleatum ni kisa kingine. Makao yake ya kawaida ni kinywani, na tangu mwaka 2011 timu mbalimbali zimekuwa zikimkuta kwa wingi ndani ya saratani za utumbo mpana. Ana protini iitwayo Fap2 inayonasa sukari fulani iliyojaa juu ya seli za saratani, kwa hiyo mara nyingi hufika baada ya uvimbe kuwepo. Lakini akishafika hakai bure: huchochea seli zigawanyike kupitia protini nyingine, FadA, na huzifunga mikono seli za kinga zinazokuja kuua uvimbe. Kazi iliyochapishwa mwaka 2024 ilionyesha kwamba tawi moja tu la bakteria huyo, lililopewa jina Fna C2, ndilo linalotawala kwenye saratani, na lilikutwa kwenye karibu nusu ya uvimbe uliopimwa. Watu huniuliza kama kupiga mswaki kutawakinga. Piga mswaki kwa ajili ya meno na fizi. Kinga ya saratani kwa njia hiyo haijathibitishwa.

Wa tatu ni Bacteroides fragilis wa aina inayotoa sumu. Sumu yake hukata protini ya E-kadherini inayoshikanisha seli na seli, ukuta ukawa na nyufa, na kinga ikajibu kwa interlukini-17. Kwa watu wenye ugonjwa wa kurithi wa polipu nyingi, yeye na E. coli wa pks wamekutwa wakiishi pamoja kwenye utando mzito uliogandamana juu ya ngozi ya utumbo: mmoja anachimba ute, mwenzake anapata njia.

Yupo na wa nne, Streptococcus gallolyticus, ambaye faida ya kumjua ni ya moja kwa moja: akikutwa kwenye damu ya mgonjwa, au kwenye vali za moyo, mgonjwa huyo anapaswa kufanyiwa kolonoskopi hata kama tumbo halimsumbui, kwa kuwa mara nyingi kuna polipu au saratani iliyojificha.

Tofautisha haya na Helicobacter pylori wa tumbo la chakula. Huyo ni bakteria mmoja, anajulikana, ana kipimo, anafutwa kwa mchanganyiko wa antibiotiki kwa wiki mbili, na kumfuta hupunguza saratani ya tumbo. Watu wameuchukua mfano huo na kuuhamishia kwenye utumbo mpana. Hauhamishiki. Kwenye utumbo mpana hakuna mtuhumiwa mmoja wa kumfuta, na antibiotiki haiwezi kumpiga E. coli wa pks ikamwacha jirani yake mwema. Utafiti mmoja wa mwaka 2018 uliwapa watu wazima wenye afya antibiotiki tatu kali kwa siku nne. Jamii ya bakteria wao ilikaribia kurudi ndani ya mwezi mmoja na nusu, lakini spishi tisa zilizokuwa kwa kila mmoja wao kabla ya dawa hazikuonekana kwa wengi hata baada ya siku 180. Kwako kuna hatari ya karibu zaidi: Clostridioides difficile, bakteria anayeota pale antibiotiki inapofagia wenzake. Wagonjwa wa kolaitisi humpata kwa urahisi zaidi na huugua vibaya zaidi. Kwa hiyo ugonjwa wako ukiamka, kabla ya kupandishiwa dawa, kinyesi kipimwe kwanza C. difficile. Sisemi ukatae antibiotiki ukiwa na nimonia au maambukizi ya figo. Hapo tumia na umalize kama ulivyoandikiwa.

Kuhusu probiotiki, chama cha madaktari wa mfumo wa chakula cha Marekani kilipitia ushahidi mwaka 2020 na kupendekeza zisitumike kwa kolaitisi ya vidonda wala ugonjwa wa Crohn (mchochota mwingine wa utumbo) nje ya majaribio ya kitafiti. Ya kipekee ni E. coli Nissle 1917, ambayo kweli imeonyesha uwezo unaokaribia wa mesalazini wa kuulaza ugonjwa usiamke. Lakini Nissle hubeba kile kipande cha pks na hutengeneza kolibaktini. Haijaonyeshwa kwamba imemsababishia mtu saratani. Hata hivyo, kwa mtu mwenye utumbo uliochubuka kwa miaka tisa na kaka mwenye saratani, singeichagua. Na kama utawahi kuwekwa kwenye dawa za kushusha kinga, usimeze bakteria hai wa aina yoyote bila daktari wako kujua.

Kile kipimo cha majina ya bakteria kina kasoro tatu. Kinachotoka na choo si sawa na kinachoishi kwenye ute. Mchanganyiko hubadilika kulingana na ulichokula wiki hiyo na hata ulaini wa choo. Na hakuna kiwango kilichokubaliwa cha kusema huyu ni mzima na huyu si mzima, kwa hiyo matokeo hayatabadilisha matibabu yako. Omba badala yake kalprotektini ya kinyesi. Ni protini ya zile seli nyeupe, na wingi wake chooni hupima mchochota wenyewe. Chini ya mikrogramu 50 kwa gramu ni kawaida. Juu ya 250 kwa mgonjwa wa kolaitisi kwa kawaida kuna mchochota unaoendelea hata asipohisi kitu. Katikati hapo, rudia baada ya wiki chache. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki huipandisha, basi kama daktari ameridhia, ziache wiki mbili kabla ya kupima. Dawa hizo zenyewe zinaweza kuamsha kolaitisi, hivyo kwa maumivu ya kawaida chagua parasetamoli. Chukua choo kisichochanganyika na mkojo wala maji, na kifike maabara ndani ya siku tatu. Na kipimo cha damu iliyofichika chooni, kinachotumika kuchunguza saratani kwa watu wengine, hakichukui nafasi ya kolonoskopi kwako, maana kolaitisi inaweza kutoa damu bila saratani.

Hapo ndipo tunarudi kwenye miezi saba uliyokaa bila dalili. Kutokuwa na dalili si ushahidi kwamba hakuna mchochota. Wapo wagonjwa wasio na kuhara wala damu ambao vipande vya nyama vilivyokatwa wakati wa kolonoskopi vinaonyesha seli nyeupe zikiwa bado zimejaa, na ni huo mchochota wa darubini, ukilimbikizana mwaka baada ya mwaka, unaokwenda sambamba na hatari ya saratani. Kwa wagonjwa wa kolaitisi ya vidonda waliokuwa wametulia, waliokunywa mesalazini kwa kurukaruka waliamshiwa ugonjwa zaidi ya mara tano ya walioinywa vizuri. Kipimo cha kulinda utulivu kwa kawaida ni angalau gramu 2 kwa siku, na inaweza kunywewa yote kwa mkupuo mmoja, jambo linalosaidia sana kutosahau. Figo zipimwe kabla ya kurudia, tena baada ya miezi mitatu hivi, kisha kila mwaka. Kama uliiacha kwa sababu vidonge ni vikubwa au vingi, mwambie daktari. Zipo za chembechembe.

Kolonoskopi ya ufuatiliaji kwa kolaitisi huanza miaka minane baada ya dalili za kwanza, na hurudiwa kila mwaka mmoja, mitatu au mitano kulingana na hatari. Wewe una mambo mawili yanayokupandisha: ugonjwa umeshika utumbo mpana wote, na una ndugu wa damu wa karibu aliyeugua saratani hiyo kabla ya miaka 50. Hilo la pili peke yake linatosha kukuweka kwenye kundi la kila mwaka. Ugonjwa wa mirija ya nyongo uitwao kolanjaitisi sugu ya kukaza nao huweka mtu kundi hilo tangu siku unapogunduliwa, kwa hiyo vipimo vya ini, hasa fosfatesi ya alkali, visisahauliwe.

Kipimo kifanywe ugonjwa ukiwa umelala, kwa kuwa mchochota huwachanganya hata wataalamu wa darubini wakashindwa kutofautisha seli inayojiponya na seli inayoanza kuharibika. Uliza kama watanyunyizia rangi, indigo karmini au methilini ya bluu, juu ya ngozi ya utumbo. Rangi hukaa kwenye mabonde na kuyaonyesha yale mabadiliko bapa niliyoyataja. Pasipo rangi wala kamera ya kisasa, desturi ni kukata vipande vinne kila sentimita 10.

Kinachoharibu kipimo hiki mara nyingi ni maandalizi. Vidonge vya madini ya chuma viache siku saba kabla, kwa kuwa hufanya kinyesi kuwa cheusi na kunata. Siku mbili au tatu kabla, punguza mbegu, maganda na nafaka zisizokobolewa. Dawa ya kuharisha igawe mara mbili: nusu jioni, nusu ianzwe masaa manne hadi sita kabla ya kipimo, na iwe imekwisha angalau masaa mawili kabla. Unachotoa kikiwa majimaji ya njano yanayoonyesha chini, uko tayari. Kikiwa bado kahawia, piga simu useme kabla hujalala kitandani, kwa sababu utumbo mchafu huficha kile kinachotafutwa, na kurudia baada ya wiki mbili ni bora kuliko kupewa matumaini ya uongo.

Sasa nyuzinyuzi. Bakteria wasipozipata hula kilicho karibu, nacho ni ute wako. Panya walionyimwa nyuzinyuzi kabisa walionekana bakteria wao wakiutafuna ute hadi ukawa mwembamba, na walipoambukizwa bakteria wa kuharisha wakaugua vibaya kuliko wenzao. Kwa binadamu, kila gramu 10 za nyuzinyuzi kwa siku zimehusishwa na hatari ndogo zaidi ya saratani ya utumbo mpana kwa karibu asilimia 10. Mwaka 2015 watafiti waliwabadilishia chakula Wamarekani wenye asili ya Afrika na wakazi wa vijijini Afrika Kusini kwa wiki mbili tu. Wamarekani walipanda kutoka kama gramu 14 za nyuzinyuzi kwa siku hadi 55 huku mafuta yakipungua. Butireti yao ikaongezeka, asidi za nyongo zilizogeuzwa na bakteria zikashuka, na kasi ya seli za utumbo kugawanyika ikapungua. Kwa waliofanyiwa kinyume, kila kitu kikaenda kinyume. Ukweli mwingine usemwe pia: majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa mwaka 2000 yalishindwa kuzuia polipu zisirudi kwa kuongeza nyuzinyuzi kwa miaka michache. Nazipendekeza kama sehemu ya kulinda ute. Si mbadala wa dawa wala kamera.

Lenga gramu 25 hadi 30 kwa siku ugonjwa ukiwa umelala. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina kati ya gramu 11 na 15. Tunda la tufaha na ganda lake, kama 4. Ongeza gramu 5 hivi kila wiki, si zote kwa siku moja, na maji yaongezeke nazo, la sivyo utajaa gesi na utadhani ugonjwa umeamka. Anza na zile laini zinazolainika kwenye maji, kama za shayiri, maharage yaliyoiva vizuri na mboga zilizopikwa. Pumba ngumu ndizo huwakera wengi. Ugonjwa ukiamka, au kama umeambiwa utumbo una sehemu iliyosinyaa, punguza maganda na mbegu mpaka utulie.

Upande wa pili ni mafuta mengi na nyama. Karibu asilimia 95 ya asidi za nyongo hunyonywa tena kabla ya kufika utumbo mpana. Kiasi kidogo kinachopita hugeuzwa na bakteria kuwa asidi ya deoksikoliki, inayochubua seli. Ukila mafuta mengi, nyongo zaidi hupita. Nyama iliyosindikwa, gramu 50 kila siku, huongeza hatari kwa asilimia 18. Asilimia hizo zisikutishe kupita kiasi: pale ambapo watu 5 kati ya 100 wangepata saratani hii maishani, ni kama kuwa 6. Sigara na pombe nazo zipo kwenye hesabu hiyo.

Usisubiri tarehe ya kamera ukiona damu chooni, ukiamshwa usiku na kuhara, ukipungua uzito bila kukusudia, ukihisi haja isiyokwisha hata baada ya kutoka chooni, au vipimo vikionyesha damu imepungua kwa upungufu wa madini ya chuma.

Kuna jambo moja hukuuliza ambalo ningekuomba ulifuatilie kabla ya mengine. Saratani ya kaka yako, kwa umri wa miaka 48, ipimwe kama ina dalili za ugonjwa wa kurithi wa Lynch. Kipimo hufanywa kwenye kipande cha uvimbe kilichokwisha kukatwa: huangaliwa protini nne, MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Vipande hivyo hutunzwa maabara, kwa hiyo hata kama matibabu yake yamekwisha, daktari wake anaweza kuviagiza vipimwe. Mojawapo ikikosekana na jeni ikathibitika, basi wewe na ndugu zenu wengine wa tumbo moja, kila mmoja ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuibeba, na kwa mwenye jeni hiyo kolonoskopi hufanywa kila mwaka mmoja au miwili hata asipokuwa na kolaitisi. Mpigie kaka yako simu umuulize kama kipimo hicho kilifanyika, na jibu lake uende nalo kwa daktari wako siku utakayokwenda kuzungumzia mesalazini.